Uzi wa Ndani

Kitanda cha saba, wodi ya upasuaji, Dundee.
Saa kumi na mbili asubuhi na nje bado usiku;
Januari ya huku haina haraka ya kuamka.
Nasukuma toroli la chai, gurudumu moja linalia
kama paka aliyefungiwa stoo.

Bwana Geddes yu macho. Siku ya kumi na tisa
tangu wampasue, kitovuni kushuka chini,
na kidonda kimegoma.
Nyuzi za daktari zimeshatolewa,
nyama zinatazamana tu
kama ndugu waliogombea shamba.

"Chai na mkate," anasema,
na mkate wenyewe anaacha kingo.
Hata kwake, tangu Isobel afariki,
miaka minne ya chai na mkate,
na supu ya kopo Jumapili, kwa heshima ya Jumapili.

Mairi wa lishe alinieleza koridoni,
kalamu sikioni, akitafuna tufaha kwa haraka:
daktari hushona kwa uzi wa kuazima.
Mwili una fundi wake, na uzi wa fundi huyo
haufumwi bila vitamini C.
Mwili hauwezi kuitengeneza, na akiba yake haba;
ukishapasuliwa, unaimaliza
kama nyumba yenye msiba inavyomaliza sukari.
"Mpe chungwa," akasema, akaenda zake.

Nikalimenya mwenyewe. Akageukia ukuta.
"Miaka thelathini na mmoja
kiwanda cha mamaledi, nikikata maganda.
Mke wangu alilala na Krismasi mwaka mzima.
Liondoe. Hata harufu siitaki."

Basi. Nikalila mimi, jikoni, nimesimama.

Mimi si daktari, mimi ni wa toroli,
lakini hata wa toroli ana macho.
Kesho yake nikaja na pilipili hoho nyekundu,
nimeikata njiti njiti, chumvi, tone la siki.
"Onja. Ukiichukia nakuletea mkate wako."
Akatafuna kama mtu asomaye barua ya benki.
Njiti tatu. Kesho yake sita.

Alhamisi, rasiberi za friza,
zinayeyuka, zinavuja damu yao bakulini.
Akanyamaza. Akachovya kidole.
Akawa na miaka tisa huko Blairgowrie,
ndoo kiunoni kwa tai ya baba yake,
malipo kwa uzito.
"Tulizilowesha zizidi mizani," akasema,
"na Mishi, hayakuwa maji ya bomba."
Tukacheka, yeye kakumbatia mto tumboni:
"Usinichekeshe, mwanamke, nitafumuka!"

Sisemi ni hoho. Palikuwa na dawa, na mayai,
na muuguzi Ffion mwenye mkono mwepesi,
na siku zenyewe, zinazofanya kazi bila mshahara.
Lakini Jumanne walipofungua bendeji
nilichungulia: ukingo umekuwa waridi,
kama mdomo wa mtoto anayetaka kusema.

Mairi aliniambia na jingine, sikulitaka.
Mabaharia wa kale, machipukizi na matunda yakiwaishia,
vidonda vilivyopona miaka ishirini
vilifunguka upya.
Kumbe kovu si mlango uliofungwa, ufunguo ukatupwa.
Kovu ni kazi. Kila siku kuna mkono gizani
unaoshona palepale, palepale.

Zamu imekwisha. Sahani ya kitanda cha saba
imerudi na njiti moja.
Chini ya sare yangu kuna mshono wa miaka kumi na mmoja,
pale walipomtolea Hamadi,
ambaye jana kwenye simu sauti yake ilikuwa nzito
nikadhani ni mjomba wake.
"Mama, huyu ni mimi."

Nilidhani pameshafunga.
Naichukua ile njiti, naila,
taratibu, mpaka mwisho.